Bwawa la maji ya chumvi na pH inayopanda kila siku: tulikopita mpaka ikatulia

Naandika hii kwa ajili ya yeyote mwenye bwawa la kuogelea linalotumia mashine ya chumvi, ile inayotengeneza klorini kutoka kwenye chumvi ya majini kwa umeme, na kila akipima pH (kipimo cha maji kuwa ya asidi au ya alikali, yaani kinyume cha asidi) anakuta imepanda tena. Sisi tulihangaika nayo karibu msimu mzima, asidi ilienda kwa madumu, seli ya mashine, yaani kile kifaa chenye sahani kinachozalisha klorini, ikajaa chokaa, watoto wanatoka majini macho mekundu, na muda wote huo tatizo lenyewe lilikuwa kwenye namba nyingine kabisa ambayo hakuna aliyetuambia tuiangalie. Kama una haraka jibu ni hili: pima alkaliniti yako, yaani uwezo wa maji kuimeza asidi bila pH kuanguka, kabla hujanunua dumu lingine la asidi. Kama una muda soma mpaka chini, maana kuna mambo ya usalama na ya vipimo ambayo ni heri uyajue kabla hujashika kitu.

Bwawa letu ni la plasta, lina kama lita 50,000. Kabla ya chumvi tulikuwa tunatumia vidonge vya klorini, vile vikubwa vinavyoyeyuka taratibu. Vile vidonge vina asidi kali, kwa hiyo enzi hizo shida yetu ilikuwa kinyume, pH inashuka na alkaliniti inashuka, na dawa yake ilikuwa kumwaga baikaboneti, yaani soda ya kuokea, kila baada ya muda ili alkaliniti isimame kwenye 120 ppm (sehemu kwa milioni) hivi. Ilifanya kazi vizuri tu. Tukaja kubadilisha tukafunga mashine ya chumvi kwa sababu tulichoka kubeba na kuhifadhi klorini, na fundi aliyetufungia akasema tuendelee kushika alkaliniti ile ile ya zamani, 120 hata 140 si mbaya, eti maji yatakuwa imara. Ushauri huo ndio uliotugharimu. Kwa bwawa la vidonge una mantiki, kwa bwawa la chumvi unakuletea balaa, na watu wengi wanaotoka kwenye vidonge wanahama na namba zao za zamani bila kujua kwamba mchezo umebadilika.

Wiki za mwanzo tulifurahi sana. Maji laini, hakuna harufu kali, ladha ya chumvi ni kidogo mno maana mashine nyingi zinataka chumvi ya 3,000 mpaka 3,500 ppm hivi, wakati maji ya bahari yana kama 35,000. Halafu nikapima pH nikakuta 8.2. Nikaweka asidi ikashuka mpaka 7.2, nikalala nimeridhika. Baada ya siku chache iko tena juu ya 8. Nikaweka tena. Ikapanda tena. Ikawa ndiyo maisha, kila tukikaribia kuogelea lazima kwanza nipime, niweke asidi, nisubiri, nipime tena, na familia imekaa pembeni na mataulo inaniuliza tayari bado. Kwa kweli ilichosha, na kilichouma zaidi ni kwamba tulifunga chumvi ili tupunguze kushika kemikali na sasa nashika asidi kuliko nilivyowahi kushika klorini.

Sasa kwa nini pH ya juu ni shida, maana kuna watu wanasema iache tu. Klorini ikiwa kwenye maji iko katika sura mbili, moja inaua vijidudu haraka sana na nyingine ni dhaifu, na pH ndiyo inayoamua ni kiasi gani kiko upande gani. Kwenye 7.5 ni kama nusu kwa nusu. Kwenye 8.0 ile yenye nguvu inabaki kama robo. Kwenye 8.5 iko chini ya asilimia 10. Hesabu hizo ni za maji yasiyo na stabilaiza, yaani dawa inayokinga klorini isiliwe na jua, ukiwa nayo anguko linakuwa la taratibu zaidi, kwa hiyo usipagawe ukiona 7.9, lakini ukikaa 8.3 wiki nzima utaona maji yanaanza kupoteza mng'ao na kuta zinateleza hata kama kipimo kinaonyesha klorini ipo. Shida ya pili ni chokaa. Kalsiamu iliyoyeyuka kwenye maji ikikutana na pH ya juu inaganda, na mahali pa kwanza inapoganda ni ndani ya seli ya mashine yako, kwa sababu pale kwenye sahani pH ni ya juu kuliko sehemu yoyote ya bwawa. Sisi tulianza kuona vipande vyeupe vyembamba vinaelea na kutua chini karibu na matundu ya maji yanayorudi, tukadhani ni plasta inabanduka. Kumbe ni chokaa inang'oka kwenye sahani za seli. Na seli ndiyo kifaa cha bei kuliko vyote kwenye mfumo huu, hivyo ukiona hivyo vipande usipuuzie.

Nilichokuwa sielewi ni kwa nini inapanda. Chumvi yenyewe haipandishi pH, ni kitu kisicho na upande. Wengine wanasema ni mashine inatengeneza kitu cha alikali, na ni kweli ndani ya seli umeme ukipita kwenye maji ya chumvi upande mmoja unatoka klorini na upande mwingine inatoka haidrojeni na maji ya pale yanakuwa ya alikali. Lakini klorini ile ikishafanya kazi yake, ikiua vijidudu au ikichomwa na jua, inaacha asidi nyuma, na vile viwili vinakaribia kufutana. Kwa hiyo ukijumlisha kutengenezwa na kutumika kwa klorini, mashine peke yake haielezi kupanda kwote kule.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyetunza mabwawa ya hoteli kwa miaka mingi. Nilimweleza yote akanisikiliza mpaka mwisho, hakuuliza hata mashine ni ya aina gani. Akauliza tu, "Mwanangu, alkaliniti yako ni ngapi?" Nikamwambia 140, na nilisema kwa kujiamini maana niliambiwa ndiyo vizuri. Akasema, "Basi hapo ndipo asidi yako inapoishia. Wewe unaweka asidi, maji yanatoa gesi, pH inarudi. Shusha hiyo alkaliniti kwanza, halafu uje tuongee habari za pH."

Nikaenda kuichimba hiyo habari na nikaelewa, na naomba unisikilize hapa maana ndiyo kiini cha mambo yote. Alkaliniti ya bwawa kwa sehemu kubwa ni baikaboneti, na baikaboneti kwenye maji inaenda pamoja na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka. Maji ya bwawa kwenye pH ya 7 na kitu yana kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyoweza kukaa humo ikiwa juu kuna hewa ya kawaida, kwa hiyo gesi inatoroka muda wote, kama soda uliyofungua ukaiacha mezani. Kaboni dayoksaidi ndani ya maji ni asidi. Ikitoka, pH inapanda. Alkaliniti haibadiliki gesi ikitoka, ni pH tu inayopanda. Na kadiri alkaliniti ilivyo juu ndivyo gesi inavyokuwa nyingi na ndivyo inavyotoroka kwa kasi.

Mashine ya chumvi inaingilia hapo. Ile haidrojeni inatoka kama mapovu madogo madogo sana, yanapita kwenye bomba na kupanda juu ndani ya bwawa, na yakipanda yanabeba kaboni dayoksaidi. Yaani mashine inayatikisa maji yako masaa yote inayofanya kazi. Ukiongeza na maporomoko ya mapambo, au jakuzi inayomwagikia bwawani, au yale matundu ya maji umeyaelekeza juu mpaka yanavuruga uso wa maji, umeweka gesi njia nyingi za kutokea. Sisi tulikuwa na maporomoko madogo yanayokimbia masaa yote ambayo pampu imewashwa, mazuri kweli kuyatazama, na yalikuwa yanatupandishia pH mchana kutwa.

Na kuna jambo lingine ambalo lilieleza kwa nini kushusha mpaka 7.2 kulikuwa hakusaidii. Ukiishusha pH chini sana unakuwa umebadilisha baikaboneti nyingi kuwa kaboni dayoksaidi, gesi imejaa, na inatoka kwa fujo, kwa hiyo pH inaruka haraka sana mwanzoni. Kutoka 7.2 kwenda 7.6 ni haraka, kutoka 7.6 kwenda 7.8 ni taratibu zaidi, na juu ya hapo inazidi kupunguza mwendo. Wanaosema bwawa lazima likae 7.2 mpaka 7.4 kila siku wanakupa kazi isiyoisha kama una chumvi. Mimi sasa naliacha likae kati ya 7.6 na 7.8, likigusa 7.9 au 8.0 narudisha 7.6 basi, sishuki zaidi ya hapo.

Sasa jinsi tulivyoishusha alkaliniti. Hakuna dawa ya kushusha alkaliniti peke yake, kifaa ni asidi ile ile pamoja na hewa. Unaweka asidi mpaka pH ifike kama 7.0 au 7.2, hapo asidi imeshusha pH na alkaliniti kwa pamoja. Halafu unayapa maji hewa kwa makusudi, washa maporomoko, elekeza matundu juu, washa mapovu ya jakuzi, hata bomba la kumwagia maji kutoka juu linafaa, ili kaboni dayoksaidi itoke na pH ipande yenyewe bila alkaliniti kurudi. Ikifika 7.6 hivi unaweka asidi tena. Unarudia. Kila mzunguko alkaliniti inashuka kidogo, kwetu ilikuwa kama 10 mpaka 15. Kwa hesabu ya haraka, asidi ya haidrokloriki ya asilimia 31 hivi, kila lita 1 kwenye maji lita 50,000 inashusha alkaliniti karibu 10 ppm, kwa hiyo kutoka 140 mpaka 70 ni kama lita 7 zikigawanywa kwenye mizunguko. Usiziweke zote siku moja, tafadhali. pH itaanguka mpaka ile plasta na vyuma vianze kuliwa, na ukiwa na hita, shaba ya ndani yake ndiyo inaanza kuumia.

Tulisimama kwenye 70. Kwa mabwawa ya chumvi 60 mpaka 80 ni mahali pazuri. Kuna kitu cha kuangalia hapo, kipimo cha alkaliniti kinahesabu pia sehemu ya stabilaiza, karibu theluthi moja yake kwenye pH hizi za kawaida. Ukiwa na stabilaiza 60 basi kama 20 ya alkaliniti yako ni yake, na iliyobaki ndiyo baikaboneti. Ndiyo maana sikutaka kushuka 50, ningebaki na kinga ndogo mno na pH ingeanza kuyumba kila mvua ikinyesha. Na kwa wenye plasta hakikisheni kalsiamu inatosha, sisi iko 300 hivi, kwa sababu maji yenye alkaliniti ndogo, kalsiamu ndogo na pH ndogo kwa pamoja yanakuwa na njaa yanatafuna plasta. Ukishusha kimoja, vingine viwe sawa.

Matokeo niliyaona haraka kuliko nilivyotegemea. pH iliyokuwa inapanda ndani ya siku chache ikawa inachukua wiki na zaidi kufika 7.8. Nilikaa nasubiri ipande kila nikipima, siamini, nikadhani kipimo kimeharibika. Raha niliyoisikia siwezi kueleza, maana ulikuwa umefika wakati tunaongea kabisa habari za kung'oa mashine na kurudi kwenye vidonge.

Lakini nusu ya pili ya kazi ni kupunguza masaa ambayo mashine inazalisha, kwa sababu kila saa inayozalisha ni mapovu. Na masaa hayo yanategemea sana stabilaiza. Bwawa la nje bila stabilaiza ya kutosha, jua linakula klorini sehemu kubwa ndani ya masaa machache tu, na mashine inalazimika kukimbizana nalo. Yetu ilikuwa imeshuka mpaka 30 hivi, kwa kuwa vidonge vinakuja na stabilaiza ndani yake na mashine haina, na kila ukiosha filta na maji yakamwagika nje inapungua. Tukaipandisha mpaka karibu 70. Mabwawa ya chumvi yanapenda 60 mpaka 80. Baada ya hapo tukashusha asilimia ya mashine kidogo kidogo huku tunapima klorini kila jioni, mpaka tukafika mahali klorini inasimama vizuri na mashine inafanya kazi pungufu sana ya mwanzo. Faida yake ni kwamba seli nayo inadumu, maana maisha ya seli yanahesabiwa kwa masaa ya kuzalisha. Ila ukipandisha stabilaiza ujue na klorini inatakiwa ikae juu kidogo, vinaenda pamoja, usije ukaacha klorini ya 1 kwenye stabilaiza ya 70 halafu ushangae maji ya kijani.

Maporomoko tukayawekea valvu, yanawashwa tukiwa na wageni au tukiogelea tu. Matundu ya maji tukayaelekeza chini kidogo. Kifuniko nacho kinasaidia usiku, gesi inapungua kutoka na maji yanapungua kukauka.

Kukauka kunanileta kwenye maji ya kujazia. Hili watu wanalisahau kabisa. Maji yakikauka yanaondoka peke yake, chumvi na kalsiamu na alkaliniti vinabaki, halafu wewe unajazia kwa maji ya bomba au ya kisima yenye alkaliniti yake. Kwa hiyo kila ukijazia unaongeza. Pima maji yako ya kujazia, ni dakika chache tu. Kama yana alkaliniti ya 150 au 200 basi alkaliniti ya bwawa itapanda tena polepole na asidi kidogo utahitaji siku zote, hiyo ndiyo hali yako na si kosa la mtu. Maji ya mvua hayana alkaliniti karibu kabisa, ukiweza kuyaelekeza bwawani yakiwa safi yanasaidia, ila yanapunguza chumvi pia kwa hiyo ucheki.

Niongee habari ya vipimo maana hapa watu wengi wanapotezwa. Vile vijikaratasi vya kuchovya vinakupa picha ya jumla, lakini kwa kazi hii ya kushusha alkaliniti havitoshi, tafuta kipimo cha matone. Cha alkaliniti unahesabu matone mpaka rangi ya kijani igeuke nyekundu, mara nyingi kila tone ni 10. Cha pH kinatumia dawa ya fenoli redi, na ina tabia mbili za kuzijua. Ya kwanza, rangi ikifika mwisho wa kipimo, tuseme 8.2, hujui kama ni 8.2 kweli au ni 9, rangi ni ile ile. Ukiona imefika mwisho weka asidi kidogo, zungusha maji, pima tena mpaka isomeke ndani ya kipimo, ndipo ufanye hesabu. Ya pili, klorini ikiwa juu sana, kuanzia 10 hivi, dawa inabadilika rangi inakwenda zambarau na inakudanganya kwamba pH iko juu. Mashine ya chumvi ikiachwa asilimia kubwa wakati hakuna anayeogelea inaweza kukufikisha huko kirahisi. Ukiweka asidi kwa kuamini rangi hiyo unaangusha pH ambayo haikuwa na shida yoyote. Kwa hiyo pima klorini kwanza, kila mara. Ukitumia kipimo cha umeme cha pH basi kisawazishe kwa yale maji ya pH 7 na 10 kila baada ya muda, vinahama vile.

Sasa asidi. Hapa naomba usipite haraka. Asidi ya haidrokloriki mvuke wake unakaba koo na ukiingia machoni ni hospitali. Miwani ya kukinga, glavu, nguo ya mikono mirefu, viatu vilivyofunika. Simama upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwenye asidi. Pampu iwe inazunguka. Mimina taratibu karibu na uso wa maji mbele ya tundu linalorudisha maji upande wenye kina, kamwe usimimine kwenye skima, lile tundu la pembeni linalovuta maji ya juu kwenda kwenye pampu, maana itapita nzito nzito kwenye hita na kwenye seli. Ukitaka kuizimua kwanza, ndoo iwe na maji halafu weka asidi ndani ya maji, kamwe usiweke maji ndani ya asidi. Na usiichanganye wala kuihifadhi karibu na klorini ya aina yoyote, vikikutana vinatoa gesi ya klorini na watu wamekufa kwa gesi hiyo. Chumba chetu cha pampu kilianza kupata kutu kwenye kila skrubu kwa sababu dumu la asidi lilikuwa linakaa humo, mvuke unatoka hata kama kifuniko kimekazwa, tukalihamishia nje kwenye kivuli mahali penye hewa na kufuli. Baada ya kuweka subiri angalau nusu saa hivi maji yazunguke, pima, ndipo mtu aingie.

Kuna asidi ya unga pia. Ni salama zaidi kushika na haina mvuke, ila inaacha salfeti kwenye maji, na salfeti ikizidi inaweza kuharibu plasta na watengenezaji kadhaa wa mashine wanaonya kuhusu seli zao. Soma kitabu cha mashine yako kabla hujaizoea. Mimi nilibaki na ya maji.

Kuhusu seli iliyojaa chokaa, zima umeme kwanza, ifungue uitazame. Kama ni kidogo jaribu kuipiga na maji ya bomba tu, chokaa nyingine inatoka hivyo. Ikigoma, mchanganyiko wa kawaida ni maji sehemu 4 kwa asidi sehemu 1, iloweke mpaka mapovu yakome, suuza. Usikwangue kwa chuma hata kidogo, zile sahani za titani zimepakwa tabaka jembamba la metali ghali na likiondoka seli imekwisha. Kila ukiiosha kwa asidi inapungua maisha kidogo, kwa hiyo osha pale tu unapoona chokaa. Tangu alkaliniti na pH vitulie yetu tunaifungua tunakuta safi, tunaifunga.

Wengine wanaongeza borati, chumvi za boroni, mpaka 50 ppm hivi, na inasaidia kweli, inafanya pH ipande polepole zaidi kwa kiasi kile kile cha gesi. Sisi hatukuweka kwa kuwa tuna mbwa anayependa kunywa maji ya bwawa na borati kwa wingi si nzuri kwake. Kama huna mnyama wa hivyo na umeshashusha alkaliniti bado unasumbuka, ni njia ya kufikiria. Lakini usianze nayo, maana alkaliniti ikiwa 140 utakuwa umeweka dawa juu ya tatizo lile lile, na ukishaiweka asidi ya kila safari inakuwa nyingi zaidi.

Na kwa wenye plasta mpya, nyie mna sababu yenu tofauti. Plasta ikiwa changa inatoa chokaa yake ndani ya maji na inapandisha pH kwa miezi kadhaa, kwa wengine karibu mwaka. Watengenezaji wengi wanataka usiwashe mashine ya chumvi wala kuweka chumvi mpaka kama mwezi upite. Katika kipindi hicho utatumia asidi nyingi hata alkaliniti ikiwa sawa, pima mara kwa mara, weka kidogo kidogo, piga brashi kuta kila siku hasa wiki za mwanzo. Usikimbilie kumwita fundi abadilishe mashine. Angalia mwendo tu, asidi unayoweka wiki hii na ile ya mwezi uliopita, kama inapungua basi plasta inaiva na uiachie muda wake. Kama haipungui, rudi kwenye alkaliniti, pima na maji ya kujazia, uanzie hapo.